Dau la mnyonge haliendi joshi: Tiara ilivyonisahihisha methali niliyoifunza miaka mingi

Kwa muda mrefu nimewafundisha wanafunzi wa shule za upili kwamba methali 'Dau la mnyonge haliendi joshi' ina maana kuwa chombo cha mtu dhaifu hakiendi mbio. Nimeiandika ubaoni na kuieleza redioni. Hata katika maandishi yangu imo. Agosti iliyopita, nikiwa nimeketi kwenye mchanga wa Galu, kusini mwa Diani, nilitambua kwamba sikuwa nimeielewa. Aliyenifumbua macho ni mvuvi mmoja mzee, akisaidiwa na binti yangu wa kidato cha tatu, ambaye wakati huo alikuwa akitembea ufuoni amebeba ubao kwapani na kununa kama mtu aliyenyimwa chakula.

Msomaji mpendwa, niruhusu nianze na safari yenyewe, maana somo la lugha nililolipata lilifichika ndani yake.

Likizo hiyo tuliamua kutolala hotelini. Pesa zilikuwa chache, na mama watoto alikuwa amechoka na likizo za kutazama televisheni. Tukaazima hema mbili, tukabeba sufuria, jiko la makaa na blanketi, tukapanda gari moshi hadi Mombasa, tukavuka Likoni. Jioni tulikuwa tunapigilia vigingi chini ya mivinje, mbega wakitutazama kutoka juu ya miti kama majirani wadaku.

Mimi ni mtu wa bara. Ya bahari niliyoyajua ni ya vitabuni. Niliona mstari wa mwani mkavu ufuoni, nikapiga hesabu: maji huishia hapa, basi tukipanda hatua kumi juu yake tuko salama. Mzee mmoja aliyekuwa akikokota ngalawa yake na vijana wawili akasimama kutuangalia.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Hapa ndipo mwalala?"

"Ndiyo, mzee. Maji si yanakoma pale?"

Akacheka. "Hayo ni maji ya jana. Siku nne zijazo mwezi wajaa. Kutakuwa na bamvua. Mkilala hapa mtaamka na kaa kitandani."

Tukang'oa vigingi. Vitabuni nilikuwa nimesoma kwamba bamvua ni kujaa na kupwa kwa maji kwa kiwango kikubwa wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwamba maji mafu ni kinyume chake. Katika pwani yetu tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Nilizijua fasili zote mbili, ila sikujua kuwa zingeweza kuniambia mahali pa kulaza watoto.

Sasa tuje kwa tiara.

Binti yangu alikuwa ameona picha za mchezo huu tangu ulipoingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka wa 2024, wakati mashindano ya mashua ya michezo ya Paris yalipofanyiwa Marseille. Alikuwa ameweka akiba yake, shangazi yake akamwongezea, na kilichobaki kikatoka mfukoni mwangu kwa shingo upande. Mchezo wenyewe ni huu: mtu husimama juu ya ubao majini, amejifunga mkanda mpana kiunoni, na mkanda huo umeunganishwa na tiara kubwa kwa nyuzi zenye urefu wa mita 20 hivi au zaidi. Tiara hushika upepo, naye huvutwa. Akivuta upande mmoja wa fimbo aliyoishika, tiara hugeuka upande huo.

Wazo la kuvutwa na tiara si geni. Katika miaka ya 1820, mwalimu mmoja wa Uingereza aitwaye George Pocock aliunda gari lililovutwa na tiara badala ya farasi. Lakini tiara ya karatasi au kitambaa ikianguka majini hulowa na kukataa kupaa tena. Tatizo hilo lilishughulikiwa na ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ambao mwaka wa 1984 waliomba hataza ya tiara yenye mirija ya kujazwa hewa. Tiara hiyo huelea, na mchezaji anaweza kuirusha tena akiwa papo hapo majini.

Vijana wa ufuoni huuita mchezo huu 'kukaiti'. "Leo tutakaiti saa ngapi?" "Yule hukaiti fiti sana." Sina ugomvi nao. Kitenzi hicho kimefuata taratibu zote za Kiswahili: kina kiambishi ku-, kinanyambulika, na ukisikiliza kwa makini utasikia 'kukaitisha' kwa maana ya kumfunza mtu. Hata hivyo, si kweli kwamba Kiswahili hakina jina la chombo chenyewe. Tuna majina mawili yanayofahamika vyema. Moja ni kishada. Jingine ni tiara, neno lenye asili ya Kiarabu kutokana na mzizi wenye maana ya kuruka. Waingereza nao walikiita chombo hicho kwa jina la mwewe. Kila lugha ilipotazama kitu hicho angani iliona mrukaji.

Siku ya kwanza majini, mwalimu wa binti yangu, kijana mpole wa Ukunda, alimfunza kuipaisha tiara na kuituliza. Siku ya pili akampa ubao. Hapo ndipo vilio vilipoanza. Binti alisimama, akateleza kama mita 50, tukashangilia. Kisha akaanguka. Akasimama tena, akateleza, akaanguka. Kila alipoanguka alikuwa mbali zaidi nasi. Baada ya robo saa alikuwa kidoa tu upande wa kaskazini, kule Diani. Ikabidi atoke majini, mwalimu wake amshikie tiara, na wote wawili warudi kwa miguu hadi walikoanzia. Akaingia tena. Akasombwa tena. Akatembea tena.

"Baba, hii kitu inanipeleka tu huko," akasema, karibu kulia. "Nikitaka kurudi haitaki."

Mzee wa ngalawa alikuwa ameketi kando yangu akishona wavu. Bila kuinua macho akasema, "Hajaweza kwenda joshi."

Nikatabasamu kwa ujuzi. "Lakini mzee, mbona anaenda joshi sana? Tazama kasi ile."

Mzee akaacha wavu. "Mbio, ndiyo. Joshi, la. Mbio zile ni za upepo, si zake. Joshi ni kule." Akanyoosha mkono kusini, kule upepo ulikokuwa ukitoka. "Na demani ni kule." Akaonyesha kaskazini, kule binti yangu alikosombwa. "Wewe si mwalimu wa Kiswahili?"

Sikuwa na la kujibu.

Hebu tulifafanue jambo hili polepole. Kwa mabaharia, joshi, ambalo wengine hulitamka goshi, ni upande wa chombo unaokabili upepo, yaani upande upepo utokako. Demani ni upande wa pili, upepo uendako. Demani pia ni jina la kamba inayoshikilia tanga upande huo, na ni jina la majira ya mwisho wa kusi, bahari inapoanza kutulia. Kwenda joshi basi ni kukisogeza chombo kuelekea kule upepo unakotoka.

Zingatia kuwa joshi si mahali. Agosti, kusi inapovuma kutoka kusini na kusini-mashariki, joshi ya Galu iko upande wa Msambweni. Ukirudi Januari, wakati kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, joshi imehamia upande wa Diani. Mtu anayekaa ufuoni hulazimika kuuliza upepo kwanza ndipo ajue joshi iko wapi. Na kati ya majira hayo mawili kuna miezi ambayo upepo hubadilika-badilika na chombo kinaweza kusafiri huku au kule. Wenyewe huiita tanga mbili. Tanga hapa ni lile la chombo, si matanga ya msibani.

Je, chombo kinachosukumwa na upepo kinawezaje kwenda kule upepo unakotoka? Moja kwa moja hakiwezi. Tanga likielekezwa usoni mwa upepo hupigapiga tu bila kushika kitu. Nahodha hukwenda mshazari, kwa pembe, upepo ukimpiga shavuni. Tanga huvuta chombo mbele na pia huelekea kukisukuma kando, lakini mkuku na ubavu wa chombo hukataa kusukumwa kando, kwa hiyo nguvu inayobaki ni ya kwenda mbele. Akifika umbali fulani hugeuza chombo na kuchukua mshazari wa pili. Hivyo hivyo, kama nyoka, anapanda joshi. Mchezaji wa tiara hufanya lilo hilo, ila yeye hana mkuku. Mkuku wake ni ukingo wa ubao. Asipoukandamiza ukingo huo majini kwa visigino, ubao hulala bapa na upepo humsomba hadi demani.

Kitendo hiki cha kwenda mshazari dhidi ya upepo kina kitenzi chake: kubisha. Chombo hubisha, au hupiga bisho. Nilikijua kitenzi hiki kwa maana mbili tu, ile ya kukataa neno la mtu na ile ya kubisha hodi mlangoni. Mzee alipolitamka, "Mwambie abishe, asiuachie upepo," nilidhani anamshauri mwanangu awe mkaidi. Na kwa namna fulani ndivyo alivyokuwa akimshauri. Anayebishana haendi na mkondo wa kauli ya mwenzake. Anayebisha baharini haendi na upepo. Wote wawili hufika kwa kutokubali kusombwa.

Sasa irudie methali: Dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi ni Mungu kupenda. Ukiichukua joshi kuwa ni kasi, unapata picha ya mtu anayechelewa. Wengine watafika mapema, naye atafika jioni. Tatizo lake ni la saa tu. Lakini ukiichukua joshi kama wanavyoichukua wenye bahari, picha inakuwa nzito zaidi. Kubisha kunahitaji tanga zima lisilo na viraka, kamba imara na mikono ya kutosha ya kugeuza tanga. Mnyonge hana hivyo. Tanga lake limechakaa na huenda yuko peke yake. Hivyo dau lake linaweza hata kwenda mbio sana, lakini linakwenda kule upepo unakotaka. Unyonge wake hautokani na kuchelewa. Unatokana na kutoweza kuchagua aendako. Ndiyo maana sehemu ya pili ya methali inamtaja Mungu. Kwa mwenye dau lililochoka, kufika nyumbani dhidi ya upepo ni jambo la kudra.

Mtu anaweza kusema: mwalimu, lugha hukua, na kama watu wengi leo wanalitumia neno hili kwa maana ya kasi, tatizo liko wapi? Hoja hiyo ina uzito. Maneno ya bahari yamekuwa yakipanda bara kwa muda mrefu na kubadilika njiani. Kila siku magazeti yetu huandika kwamba mazungumzo 'yamekwenda mrama', ilhali mrama ni kule kuyumba kwa chombo huku na huku baharini. Michuano 'hung'oa nanga' uwanjani Kasarani, mamia ya kilomita kutoka majini. Viongozi 'hushika usukani' wa vyama. Hakuna anayepotea kwa matumizi hayo, kwa kuwa taswira bado iko hai. Katika joshi hali ni tofauti. Tulipoweka kasi mahali pa mwelekeo, tuliitoa methali moyo wake na tukabaki na ganda.

Asubuhi ya siku ya nne nilipata funzo jingine. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka saba, alikuwa amenunuliwa tiara ndogo ya plastiki. Aliamka kabla ya jua kuchomoza, akaenda nayo ufuoni. Kulikuwa na upepo mwembamba wa baridi kutoka nchi kavu, upepo ambao wenyeji huuita umande, kama ule unyevu wa majani. Tiara ikapaa vizuri, ikaelekea baharini. Mara uzi ukakatika. Ilipinduka, ikasukasuka, ikazidi kwenda juu ya maji hadi tulipoiona kama kipande cha karatasi kule mawimbi yanakovunjikia kwenye miamba ya matumbawe. Mtoto akapiga yowe.

"Imekwenda arijojo," mzee akasema, akimpapasa kichwa.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Kwenda arijojo! Msemo ninaowapa wanafunzi kama kisawe cha kwenda mrama, wautumie kupamba insha. Kumbe arijojo ni ile hali ya tiara iliyokatika uzi, inayokwenda ovyo isikojulikana. Mrama ni wa chombo, nayo arijojo ni ya tiara. Mambo yaliyokwenda mrama bado yana nahodha, chombo kinayumba lakini kimo mikononi mwa mtu. Yaliyokwenda arijojo yamekatika uzi, na hakuna tena mkono unaoyashika. Hiyo si tofauti ndogo kwa mwandishi anayejali anachosema.

Binti yangu alikuwa ametoka hemani. Siku iliyotangulia alikuwa amemsihi mwalimu wake waanze alfajiri, kabla ya watu kuwa wengi majini, naye akakataa bila kueleza sana. Sasa alikuwa akiikodolea macho ile tiara ya ndugu yake.

"Kumbe ndio maana," akasema polepole. "Huo upepo ungenipeleka hivyo."

Hakuna aliyehitaji kumweleza zaidi. Kusi na kaskazi huvuma sambamba na ufuo wetu huku zikielekea nchi kavu kidogo. Ukishindwa, utarushwa mchangani. Umande hukutoa. Ukishindwa, mbele yako kuna miamba, kisha bahari kuu. Neno moja, umande, lina uwezo wa kuokoa maisha ya mtoto, na lilikuwa limeketi pale ufuoni kinywani mwa mzee huku sisi tukijadiliana kwa istilahi za kigeni tusizozielewa vizuri.

Alasiri ya siku hiyo binti yangu alibisha. Si sana. Alikwenda mshazari hadi karibu na mawimbi, akageuka, akarudi. Alipotua mchangani alikuwa hatua kama ishirini kusini mwa pale alipoanzia. Kwa mtazamaji wa kawaida hilo si kitu. Yeye alirusha mikono juu kama aliyeshinda medali. "Baba, nimeenda joshi!" Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea na wavu wake.

Kuna jambo moja nimebakiza, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Miaka mingi iliyopita, katika shule moja ya bweni ya bara, nilikuwa na mwanafunzi aliyetoka Pwani. Katika jaribio, niliuliza maana ya methali hii hii. Akaandika kwamba chombo cha mtu asiye na uwezo hakiwezi kuelekea upepo unakotoka. Nilimkata alama zote mbili. Aliponifuata ofisini, nilimwambia asome kitabu vizuri. Hakubishana.

Tuliporudi Nairobi nilitafuta nambari yake kupitia kwa wenzake wa darasa. Nilimweleza yaliyotokea, nikamwomba radhi.

"Mwalimu, mimi sikusahau," akasema, akicheka. "Nilimwonyesha babangu ile karatasi likizo. Alikuwa nahodha. Alinyamaza kwanza, halafu akaniambia, 'Huko shuleni andika wanavyotaka.' Kwa hivyo kwenye mtihani wa taifa iliulizwa, nikaandika 'mbio'."

"Ukapata?"

"Nilipata, mwalimu."

Walimu wenzangu, tunapofunza methali za bahari, na zipo tele, kuanzia 'Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani' hadi 'Maji yakijaa hupwa', tukumbuke kwamba wenyewe wapo. Wako Vanga, Gazi, Mtwapa, Kipini na Faza, wangali wanatweka matanga. Pengine mtoto wao ameketi dawati la nyuma darasani mwako. Kabla ya kumkata alama, muulize nyumbani kwao neno hilo hutumiwaje. Na vijana wanaokaiti wasiwe na haya kuchanganya: waseme wanakaiti, lakini waseme pia joshi, demani, bisha na umande. Maneno haya yalitengenezwa kwa kazi wanayoifanya.

Ile karatasi ya jaribio, mwanafunzi wangu aliniambia, babake aliihifadhi. Nimemwomba anitumie picha yake, nimrudishie alama zake mbili.